Jinsi ya Kuonja na Kupima Mvinyo Mwekundu wa Bordeaux Ungali Mchanga

Chupa yangu ya kwanza ya Pauillac, kijiji cha mvinyo cha Bordeaux huko Ufaransa, ilifunguliwa ikiwa na miaka mitatu tu. Nilipiga funda moja, fizi zikakauka, ulimi ukawa kama umepakwa chokaa, na kilichonijia kichwani si Ufaransa bali mabibo: yale tuliyookota utotoni chini ya mkorosho, ambayo ukiyawahi kabla hayajaiva mdomo mzima unajikunja. Nikatamka kwamba mvinyo umeharibika. Mwenzangu, aliyeununua kwa bei ya kodi ya chumba ya mwezi mzima, aliniangalia tu. Kesho yake mabaki ya chupa ile ile yalikuwa kitu kingine kabisa, na mimi ndiye niliyeomba niongezewe.

Kosa langu lilikuwa swali. Nilijiuliza, "Ni mtamu?" Kiswahili chetu kinatumia neno tamu kwa sukari na kwa kila kitu kizuri, na hapo ndipo wengi tunapopotea, hasa tuliozoea ule mvinyo mtamu wa Dodoma. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux karibu hauna sukari kabisa. Na ule mzuri, ukiwa mchanga, huwa haujatengenezwa ili ukupendeze leo. Swali la kuuliza ni hili: ukakasi huu ninaousikia ni wa tunda bichi, au ni wa tunda lililoiva ambalo bado lina nguvu nyingi? Hatua zote zilizo hapa chini zinakwenda kulijibu swali hilo.

Kabla ya kufungua: soma lebo, kisha ifunike

Mito miwili, Garonne na Dordogne, hukutana kaskazini ya mji wa Bordeaux na kuwa mlango mpana wa Gironde unaoingia bahari ya Atlantiki. Ukitazama upande maji yanakoelekea, kushoto kwako ni Médoc, yenye vijiji vya Margaux, Saint-Julien, Pauillac na Saint-Estèphe. Kusini yake, pembeni mwa mji wenyewe, kuna Pessac-Léognan. Ardhi ya huko ina changarawe nyingi, inapitisha maji haraka na kushika joto la jua, nayo inaifaa zabibu inayochelewa kuiva, Cabernet Sauvignon. Upande wa kulia kuna Saint-Émilion na Pomerol, penye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa. Huko Merlot ndiyo bibi wa nyumba, akisaidiwa na Cabernet Franc. Karibu mivinyo yote ya Bordeaux ni mchanganyiko wa zabibu hizo, pengine na Petit Verdot kidogo.

Hili lina maana kwenye kuonja. Mvinyo wa kushoto ukiwa mchanga kwa kawaida husimama wima, mkavu, mifupa inaonekana. Wa kulia huwa na nyama zaidi, laini mapema. Ukiupima wa Pauillac kwa kipimo cha Pomerol utauonea bure.

Ukishajua unatoka wapi na ni wa mwaka gani, vika chupa soksi au gazeti. Ule mpangilio maarufu wa madaraja matano ulitungwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na madalali wa mvinyo waliupanga kwa kufuata bei za sokoni. Unahusu mivinyo mikundu ya Médoc, pamoja na shamba la Haut-Brion lililoko Graves, eneo ambalo Pessac-Léognan ni sehemu yake, na badiliko kubwa tangu hapo ni shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Pomerol haijawahi kuwa na madaraja rasmi, lakini Petrus inatoka huko na bei yake inatisha. Lebo itakunong'oneza jibu kabla pua haijafanya kazi. Ifunike.

Mahali, saa na vyombo

Onja asubuhi, saa nne au saa tano hivi, kabla ya chakula cha mchana. Kinywa kisiwe kimetoka kwenye dawa ya meno, kahawa wala pilipili. Siku nyumba imefukizwa udi, ahirisha. Hata marashi ya mgeni aliyeketi karibu yanatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Glasi iwe na mguu, tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo, ili harufu ikusanyike. Mimina kiasi cha mililita 50, si zaidi. Weka karatasi nyeupe mezani, maji, mkate mkavu usio na siagi, na ndoo ya kutemea. Kutema si utovu wa adabu. Huko kwenyewe Bordeaux watu wanatema mchana kutwa, maana mivinyo hii ina kilevi cha asilimia 13 hadi 14.5, na mtu akishachangamka kila kitu kinapata alama za juu.

Suala la joto ndilo linalotuangusha zaidi sisi wa Pwani. Utasikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha jumba la mawe la Ulaya, si sebule ya Magomeni mwezi Februari. Unatakiwa uwe kati ya nyuzi 16 na 18. Chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30 itahitaji saa moja na nusu hivi kwenye friji. Ukiwa moto, kilevi kinapanda puani na kufunika kila kitu. Ukiwa baridi kupita kiasi, harufu inalala na ukakasi unazidi ukali. Nimeona mtu akiutukana mvinyo mzuri kwa kosa la friji.

Macho

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uangalie sehemu mbili: katikati penye kina, na ukingoni rangi inapopungua. Mvinyo mchanga katikati huwa mzito, karibu na weusi, na ukingoni una zambarau au waridi iliyokolea, kama mate ya mtoto aliyekula zambarau. Miaka inavyokwenda, ukingo huo unageuka kuwa mwekundu wa akiki, halafu rangi ya tofali. Ukiona tofali kwenye mvinyo wa miaka mitatu au minne, shtuka: ama umehifadhiwa vibaya kwenye joto, ama hewa imeingia, ama hauna nguvu ya kuzeeka.

Yale machozi yanayoteremka kwenye kuta za glasi yanahusiana na kilevi. Hayasemi lolote juu ya ubora, hata kama mhudumu atayatazama kwa heshima.

Usikae sana kwenye macho. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux kwenyewe. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Rangi inaamuru pua, na pua inatii.

Pua

Nusa kwanza bila kutikisa. Harufu nyepesi kabisa huwa juu, na kasoro nyingi hujitokeza hapo. Harufu ya katoni iliyolowa au ghala lenye ukungu ina maana kizibo kimeuharibu mvinyo. Hautapona, rudisha chupa dukani. Harufu ya siki, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, inatokana na asidi tete iliyozidi. Harufu ya zizi la farasi huletwa na hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces. Kidogo sana wengine wanaipenda, mimi simo. Kama hakuna lolote kati ya hayo, zungusha glasi mezani mara tano sita, nusa tena kwa pumzi fupi fupi, kisha ondoa pua upumzike.

Hapa vitabu vya kigeni vitakutajia cassis, tunda dogo jeusi ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona mtini. Usihangaike. Kama umewahi kufungua chupa ya Ribena, umeshainusa. Merlot inaelekea zaidi kwenye plamu na zambarau zilizoiva. Halafu kuna harufu moja ya upande wa kushoto, Pauillac hasa, ambayo Mswahili yeyote aliyepita shule ya msingi anaifahamu: penseli iliyochongwa sasa hivi. Ni harufu ya mti wa jamii ya mwerezi, na aina moja ya mti huo inaota kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki. Ilipelekwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezea penseli hizo hizo. Tumbaku kavu nayo ipo jirani.

Pipa nalo lina sauti yake. Mvinyo mzuri wa Bordeaux hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi miaka miwili, na mengi huwa mapya. Mwaloni hutoa vanila, na ukichomwa ndani hutoa harufu ya kahawa iliyokaangwa na moshi. Hutoa pia karafuu, na hapo hatusemi kwa mfano tu: kemikali inayoitwa eujenoli, inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, imo pia kwenye mti wa mwaloni. Kwa hiyo ukinusa karafuu kwenye glasi, hujakosea. Swali ni la mizani. Funga macho ujiulize ni nini kilichofika kwanza, tunda au pipa. Mvinyo mchanga unaruhusiwa kunuka pipa, maana bado havijaungana. Lakini ukisubiri dakika ishirini na tunda halijatokea, basi nyuma ya pipa hakuna mtu.

Harufu mbili zinakuambia moja kwa moja zabibu zilivyoiva. Pilipili hoho ya kijani, ikiwa kali, ina maana Cabernet ilichumwa kabla ya wakati au mwaka ulikuwa wa baridi. Jamu iliyochemka na zabibu kavu zina maana jua lilizidi. Ubora uko katikati: tunda lililo fresh kama limetoka sokoni asubuhi, lakini limeiva.

Kinywa, na hapa usiharakishe

Chukua kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Vuta hewa kidogo kupitia midomo kama mtu anayekunywa uji wa moto, usambaze mvinyo hadi kwenye fizi, mashavu na nyuma ya ulimi. Kaa nao kama sekunde kumi, kisha tema. Katika muda huo fuatilia mambo manne, ukichukua funda moja kwa kila moja ukihitaji.

Uchachu kwanza, kwa kuwa ni rahisi: mate yanayojaa pembeni mwa ulimi, kama ulivyolamba ukwaju. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha umelala na hautafika mbali.

Kilevi: joto kooni baada ya kutema. Ukilisikia waziwazi kwenye nyuzi 17, kimezidi mizani.

Uzito: kuna tofauti ya maji na maziwa. Mvinyo wa kiwango hiki ujae kinywani, hasa katikati, pale ambapo mivinyo mingi ya bei ya chini huwa na shimo: inaanza vizuri, inamaliza kwa ukali, na kati yake hamna kitu.

Sasa ukakasi. Unaletwa na tanini, vitu vilivyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu na kiasi kwenye mwaloni. Ndivyo pia vilivyomo kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Tanini hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na kinywa kinakwaruzana chenyewe kwa chenyewe. Kwa hiyo ukakasi husikika kwa mguso. Usiuchanganye na uchungu, ambao ni ladha.

Usiandike tu "ukakasi mwingi." Kwenye Bordeaux mchanga, mwingi ni jambo la kutarajiwa, tena ni akiba. Pima mambo mawili mengine. La kwanza ni umbile la chembe zake. Pitisha ulimi kwenye fizi baada ya kutema. Je, ni msasa wa fundi seremala, ni unga wa mahindi, au ni kama upande wa nyuma wa kanga mpya yenye wanga? Chembe zikiwa ndogo na zimesambaa kinywa chote sawasawa, hiyo ni tanini iliyoiva, hata kama ni nyingi kiasi cha kukukausha. Zikiwa kubwa, zimekusanyika mahali pamoja, mara nyingi kwenye fizi za mbele, tena zimefuatana na uchungu na ule ukijani wa ndizi mbichi, hiyo ni tanini mbichi. Muda huilainisha ile iliyoiva. Ile mbichi itabaki mbichi mpaka tunda limekufa, na utakuwa umesubiri miaka kumi na tano kunywa kijiti.

Wakulima wenyewe hufanya kipimo hiki shambani kabla ya kuvuna: wanatafuna mbegu. Mbegu ya kijani inakunja kinywa; ya kahawia inavunjika kama karanga. Unachokionja kwenye glasi ni uamuzi wa siku ile.

La pili ni iwapo kuna tunda la kutosha kuubeba ukakasi huo. Mzigo wa kilo hamsini si mzito kwa mchukuzi wa bandarini. Kwa mtoto ni adhabu. Rudia funda, safari hii usifuatilie ukakasi bali tunda lililo chini yake. Likiwepo, limejificha lakini linasukuma, uko mahali pazuri.

Angalizo moja: tanini hulimbikizana. Ukionja chupa sita mfululizo, ya sita itaonekana kali kuliko ilivyo. Kula mkate, kunywa maji, pumzika dakika kadhaa, kisha anza upya kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Hesabu baada ya kutema

Ukishatema, hesabu kimyakimya. Wafaransa wana jina la kipimo hiki: sekunde moja ya ladha kubaki kinywani wanaiita caudalie. Ya kawaida hutoweka upesi. Ikivuka kumi na bado unaisikia, kaa vizuri kitini. Lakini angalia unachohesabu. Ukavu unaweza kubaki dakika nzima bila ya ubora wowote. Hesabu tunda na harufu. Zikiondoka na kuuacha ukakasi peke yake, kalamu isimame hapo.

Rudi baada ya saa moja, saa nne, na kesho yake

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Mimina nusu ya chupa kwenye jagi safi la kioo, nusu iache ndani ya chupa bila kuiziba. Onja jagi baada ya saa moja na baada ya saa nne. Kisha rudisha kilichobaki kwenye chupa, ziba, weka friji, na onja tena kesho yake ukiwa umeuacha upate joto.

Hewa inaharakisha sehemu ya yale ambayo miaka ingeyafanya taratibu. Si picha kamili ya uzee, ila ni mtihani mzuri wa ustahimilivu. Mvinyo wenye mustakabali kesho yake huwa umefunguka: tunda limesogea mbele, pipa limerudi nyuma, chembe za ukakasi zimekuwa laini. Ule uliokuwa ukitegemea pipa na vipodozi utakuwa umechoka, unanuka tofaa lililobonyezwa. Mimi alama zangu huandika kwa kalamu ya risasi siku ya kwanza.

Uandike nini

Andika mwaka, mahali, saa na joto. Kisha sentensi moja kwa kila hatua kwa maneno yako: mabibo, penseli, karafuu, kanga mpya. Daftari ni lako, na utakalolielewa baada ya miaka minane ni lile lililotokana na kinywa chako. Mwishoni weka hukumu: tanini imeiva au la, tunda linatosha au la, uanze kunywewa lini. Mvinyo mzuri wa Médoc wa mwaka mzuri kwa kawaida unaanza kufunguka baada ya miaka minane hadi kumi na unaweza kupita ishirini bila taabu. Wa upande wa kulia mara nyingi unatangulia.

Alama za 100 zilienezwa na mhakiki wa mvinyo Mmarekani, Robert Parker, aliyejijengea jina kwa kuisifu mivinyo ya mwaka 1982 mapema kuliko wengine. Shule nyingi za Ulaya hutumia 20. Mimi nimeziacha zote mbili; 91 na 93 sijawahi kuzitofautisha bila kudanganya.

Kumbuka mwaka unapohukumu. 2009 ulileta mivinyo mibivu ya kupendeza, iliyojaa na laini. 2010 ukaleta mikavu yenye uchachu na tanini kubwa, na mtu aliyeonja yote miwili ingali michanga angeweza kuudhani wa pili ni mbaya. 2013 ulikuwa wa baridi na mvua. 2021 ulipigwa na jalidi la Aprili, na hoho ya kijani inasameheka humo kuliko kwenye 2022, mwaka wa joto na ukame ambapo cha kuchunguza zaidi ni jamu na kilevi.

Ukisoma sifa za mvinyo uliouzwa kabla ya kutiwa kwenye chupa, elewa kwamba zimeandikwa kwa sampuli ya pipani iliyoonjwa majira ya kuchipua, yapata miezi sita tu baada ya mavuno, wakati mvinyo ungali na zaidi ya mwaka mmoja wa kukaa pipani. Ni kama kumpima mchezaji akiwa darasa la tatu. Wapo wanaoweza, ni wachache.

Nyama, halafu zile chupa nyingine

Kazi ikiisha, leta mishkaki yenye mafuta au nyama choma ya mbavu, onja tena. Protini na mafuta huzishughulisha tanini kabla hazijafika kwenye mate yako, na mvinyo uliokuwa ukikukunja uso asubuhi utateremka bila ugomvi. Usiipime chupa pamoja na nyama, lakini. Nyama humtetea kila mtu.

Ukiamua kununua na kungoja, chupa zilazwe, gizani, pasipo mtikisiko, kwenye nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda. Juu ya kabati la jikoni Dar es Salaam au Mombasa, mvinyo wa bei ghali una hali moja na wa bei ya chini: miaka miwili na umeshachemka. Friji ya kawaida ya chakula nayo haifai kwa miaka, inakausha vizibo. Kama huna mahali, muulize muuzaji kama anaweza kukutunzia, au achana na chupa changa kabisa, ununue moja tu ya miaka kumi na tano iliyolelewa mahali baridi na mtu mwenye subira kuliko wewe.